Nguvu za Farasi Zije Mwisho

Mtu akishafunga spea za mbio kwenye gari lake, swali la kwanza atakaloulizwa na wenzake ni hili: sasa linatoa farasi wangapi? Hakuna anayeuliza linasimama vipi. Huo ndio ugomvi wangu na sisi wapenda magari. Tunanunua vitu kinyumenyume: ekzosi, chujio la hewa, rimu kubwa, springi fupi, halafu breki zikishaanza kutusaliti mteremkoni ndipo tunakumbuka kuwa nazo ni sehemu ya gari.

Tuanze na kipenzi cha wengi, lile chujio la hewa lenye umbo la pia linalokaa peupe chini ya boneti. Kulifunga hakuhitaji ufundi mkubwa, na likishafungwa gari linanguruma kila ukikanyaga mafuta. Mwenye gari anaapa limechangamka. Mimi naomba anioneshe kipimo. Boksi la chujio lililotoka kiwandani mara nyingi huvuta hewa kutoka nyuma ya grili au ndani ya madigadi, mbali na joto la injini. Ukilitupa boksi hilo na kuacha chujio livute hewa inayozunguka juu ya injini, umeilisha injini hewa ya moto. Hewa iliyopanda kutoka nyuzi 27 hadi nyuzi 57 za Selsiasi hupungukiwa uzito kwa karibu asilimia 9 katika ujazo uleule, na injini haijali umevuta lita ngapi. Inachohesabu ni oksijeni. Umenunua sauti. Sauti si dhambi, hata mimi naipenda, ila iitwe sauti.

Kuna ubaya mwingine usiosikika. Magari mengi yana sensa inayopima hewa inayoingia, nayo imepangiwa bomba la kipenyo fulani. Panua bomba pale ilipokaa sensa na hesabu zote zinaharibika: hewa inaingia nyingi, sensa inasoma kidogo, kompyuta ya injini inatoa petroli pungufu. Katika mwendo wa kawaida kompyuta hujirekebisha kwa kusoma moshi na kurudi kwenye uwiano wa hewa 14.7 kwa petroli 1, kwa uzito. Lakini ukikanyaga hadi mwisho, injini isiyo na turbo (feni inayozungushwa na moshi ili kusukuma hewa zaidi ndani ya injini) huhitaji mchanganyiko wenye petroli zaidi, karibu 13 kwa 1 au chini yake, na hapo magari mengi huacha kuusikiliza moshi na kufuata jedwali lililoandikwa kiwandani. Jedwali likilishwa namba za uongo, injini inakosa petroli wakati imebeba mzigo mzito, joto linapanda, inaanza kugonga, yaani mchanganyiko unajilipukia wenyewe ndani ya silinda. Pistoni ndizo zinazolipa.

Ekzosi nitaipitia haraka. Wanaosema injini inahitaji moshi uzuiwe kidogo ili ipate nguvu wamekosea sababu, ingawa wameona jambo la kweli. Bomba pana kupita kiasi hupunguza kasi ya moshi, na kasi hiyo ndiyo inayosaidia kuvuta mabaki kutoka kwenye silinda. Ikipotea, gari linakuwa zito injini ikiwa kwenye mizunguko ya chini. Na kung'oa katalisti, kile kifaa cha kusafisha moshi, ili upate farasi wachache ni uchafu mtupu, mbali na kwamba nchi nyingi zimepiga marufuku.

Sasa breki, ambazo nitazisemea kwa urefu kwa sababu hazina wakili. Nishati ya gari linalokwenda hukua kwa mraba wa kasi. Kwenye kilomita 140 kwa saa linabeba karibu mara mbili ya nishati liliyobeba kwenye kilomita 100, na ukitaka kusimama, karibu yote hiyo inageuka joto kwenye diski na pedi. Watu wakisikia hivyo hukimbilia diski kubwa na kalipa (vibano vinavyosukuma pedi) zenye pistoni sita zilizopakwa rangi nyekundu. Subiri kwanza. Kama breki ulizonazo zinaweza kuyafunga magurudumu au kuiamsha ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge), basi kwa kusimama mara moja, kinachoamua umbali ni matairi. Faida ya breki kubwa ni kustahimili joto unapozikanyaga tena na tena.

Kabla ya kufika huko kuna kitu rahisi kabisa ambacho hakuna anayekipiga picha: mafuta ya breki. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewani, na kwa yale yaliyokwisha kunyonya, kiwango cha chini kinachokubalika ni nyuzi 155 tu. Yakichemka yanatoa mvuke, mvuke unabonyea, na pedali inakwenda hadi sakafuni huku gari likiendelea na safari yake. Badilisha mafuta, weka pedi nzuri za barabarani (si za mashindano, ambazo nyingi zikiwa baridi hazishiki vizuri), nunua matairi bora kuliko uliyokuwa umepanga. Utalihisi gari jipya bila kuongeza farasi hata mmoja.

Springi nazo zina mtego ambao mafundi wengi hawautaji. Magari mengi ya kawaida yana mfumo wa MacPherson mbele, ule ambao shokapu na springi husimama pamoja juu ya mkono mmoja wa chini. Ukilishusha gari, ncha ya mkono iliyo upande wa gurudumu inapanda ukilinganisha na bodi. Kitovu ambacho bodi hulalia kwenye kona kinashuka haraka kuliko uzito wa gari ulivyoshuka, kwa hiyo uzito unapata wenzo mrefu zaidi wa kuilaza bodi. Yaani gari lililoshushwa sana, likiwa na springi za ugumu uleule, linaweza kulala kwenye kona kuliko mwanzo. Tunaona halilali kwa sababu springi fupi huwa ngumu zaidi, au kwa sababu limekwisha kukalia mpira wa kikomo, ule unaozuia shokapu isigonge mwisho wake. Shusha sentimita mbili au tatu, weka shokapu zinazolingana na springi hizo, kisha pima upya mlalo wa magurudumu. Kukata springi kwa gurainda sitaki hata kukujadili. Na fundi akifunga mikono yenye bushi za mpira, mwambie bolti azimalizie kukaza gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake. Zikikazwa gari likining'inia, mpira unabaki umejisokota na utachanika mapema.

Tatizo ni kwamba wengi tumelelewa na video za 2JZ-GTE ya Toyota Supra. Ile ni injini ya lita 3 yenye bloki ya chuma, ambayo kule Japani ilitangazwa kuwa na farasi 280 kwa sababu watengenezaji walikubaliana wasitangaze zaidi. Ilikuwa na akiba kubwa, nasi tukadhani kila injini inayo. Wakati huohuo Mazda MX-5 ya 1989, yenye injini ya lita 1.6 ambayo haikuzidi farasi 120 na uzito usiofika tani moja, imewapa watu raha ya kona kwa miaka yote hii.

Ukitaka turbo kweli kwenye injini isiyozaliwa nayo, panga pia pampu ya petroli, nozeli, kipoza hewa, klachi, radieta, na mtu anayejua kuandika upya programu ya kompyuta. Turbo yenyewe ndiyo kazi nyepesi. Kisha pima nguvu kabla na baada kwenye mashine ileile, kwa sababu mashine mbili zinaweza kulipa gari moja namba mbili. Usikubali namba ya kileleni pekee. Omba mchoro mzima. Kama umepata farasi kumi kwenye mizunguko 6,500 kwa dakika na kupoteza nguvu ya kuvuta kati ya 2,000 na 4,000, ambako gari lako linashinda kutwa, muuzaji hatakuambia. Spea za kiwandani ulizofungua zihifadhi kwenye boksi pamoja na bolti zake, maana atakayekuja kulinunua gari hilo huenda akazitaka.