Nadharia Tete Si Kubahatisha!

Jamani, nani katudanganya kwamba kila wazo la ghafla ni nadharia tete, yaani kauli ya kutabiri matokeo inayoweza kupimwa kwa jaribio? "Mbolea ni nzuri." Nzuri kwa nini? Kiasi gani? Ukilinganisha na nini? Andika hivi: "Baada ya siku 30, miche iliyowekewa gramu 5 za mbolea itakuwa mirefu kuliko isiyowekewa." Sasa shika rula, pima, ikatae ukiweza! Nadharia tete isiyoweza kukataliwa na data haipimiki hata kwa miaka 1,000.

Na hili la kungoja matokeo, kisha kutunga nadharia tete ifanane nayo? Mtu ameshalowa chapachapa ndiyo anatabiri mvua!

Halafu ripoti inafungwa kwa "imethibitishwa." Jaribio moja tu, miche sita! Andikeni "matokeo yanaiunga mkono", basi. Mnatuchosha!