Ukija Mwanza kwa siku mbili, angalia mwezi kwanza

Likizo ya Juni ikikaribia tu, simu za ndugu na marafiki wa Dar na Dodoma zinaanza kuingia. "Nakuja huko wikiendi, hebu nipangie." Ukiuliza wanataka kuona nini unasomewa orodha: Serengeti, Ukerewe, Saanane, Bujora, daraja jipya la Kigongo–Busisi, na Jumamosi jioni kuna harusi ya binamu. Yote hayo kwa siku mbili! Mimi nina msimamo mmoja ambao nimeshauchosha kuusema: mgeni wa siku mbili asiondoke kando ya ziwa, na ratiba yake aifuatishe ziwa lenyewe.

Tuimalize Serengeti haraka. Lango la Ndabaka liko barabara ya Musoma, zaidi ya saa mbili kwa gari kutoka mjini, na ukishaingia ndipo safari inapoanza. Kwenda na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana, watu wanafanya kila wiki, ila utaiona Mwanza ukiwa umelala kwenye kiti cha gari. Ukerewe nayo, kwa meli hadi Nansio, inakula saa kadhaa kwenda tu. Ni kisiwa cha kulala, siyo cha kuchungulia. Daraja ni la kupendeza, kilomita 3 juu ya maji, na aliyewahi kukaa kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo anajua thamani yake. Lakini lipite ukiwa unaelekea Geita au Bukoba. Kufunga safari ili ukatazame daraja na kugeuza, hapana.

Sasa mwezi. Wavuvi wa dagaa wanafanya kazi usiku, kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi wengi wanatumia za betri na za sola. Taa inawavuta dagaa juu, kisha wavu unapita. Mbalamwezi ikiwa kali, taa haina nguvu, dagaa hawakusanyiki, na mitumbwi mingi inapumzika pwani watu wakishona nyavu. Kwa hiyo uso wa ziwa usiku unategemea tarehe uliyokata tiketi. Usiku wa giza, ukisimama sehemu iliyoinuka kule Capri Point au Bwiru, unaona mstari wa taa mbali majini kana kwamba kuna mji mwingine ng'ambo. Njoo mwezi ukiwa mpevu, utaona maji yanayong'aa, mazuri pia, lakini matupu. Hakuna haja ya programu ya simu kujua: muulize jirani Mwislamu leo ni tarehe ngapi ya mwezi mwandamo. Kuanzia 27 hadi 3 au 4 ni giza. Ukisikia 14, ujue umekuja wakati wa mapumziko.

Kinachofuata ni upepo. Asubuhi ziwa huwa limetulia. Kuanzia mchana ardhi ikishapata moto, upepo unaanza kuvuma kutoka majini na mawimbi yanakuja nao. Ndiyo maana nasisitiza kwamba kila kitu cha mtumbwi au boti kifanyike kabla ya saa sita, na mchana uwe wa mjini, wa miamba na wa kula. Wageni wanafanya kinyume: asubuhi wanalala, wanakunywa chai saa nne, wanafika kwenye boti saa tisa, halafu wanasimulia jinsi walivyotapika.

Asubuhi ya kwanza nenda Mwaloni, Kirumba. Hili ndilo soko la dagaa na samaki linalolisha nusu ya ukanda huu, na wanunuzi wanatoka hadi Kongo, Rwanda na Burundi. Usitegemee soko la picha za matangazo. Chini kuna maji ya samaki, makuli wanapita na magunia wakipiga kelele za "pembeni, pembeni!", na ukizubaa gunia linakupitia. Juu ya mapaa wamekaa korongo, wale wenye shingo ya upara na mfuko wa nyama unaoning'inia kooni, wanasubiri utumbo kwa utulivu wa wazee wa baraza. Dagaa wengi wanafika wakiwa wameshaanikwa visiwani. Mama mmoja niliyezoea kununua kwake huwa anachota kiganja, anakikunja, anakifungua mbele ya macho yako. Dagaa wa kwenye kichanja wanabaki wazima wanang'aa kama fedha. Wa mchangani wanaacha chenga za mchanga kwenye mistari ya kiganja. "Huyu wa mchanga kamuuzie unayemchukia," ananiambia, na kweli ana gunia la namna hiyo pale pembeni, la bei nafuu, na wateja wake hawakosi.

Pale pale utaona biashara tatu kutoka kwa samaki mmoja. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili, akageuza uchumi wote wa pwani hii. Minofu inaenda viwandani na kusafirishwa nje. Mabondo, ule mfuko wa hewa wa ndani ya samaki, yanakaushwa na kuuzwa Asia kwa bei inayozidi ya nyama yenyewe. Mapanki, yaani mfupa na kichwa vilivyobaki, vinakaangwa na kuliwa mitaani. Mgeni akielewa hilo tu ameijua Mwanza kuliko aliyepiga picha kwenye Jiwe la Bismarck. Ambalo, sawa, kalipige, liko njiani kuelekea kivuko cha Kamanga, dakika kumi zinatosha.

Asubuhi ya pili iwe ya Saanane. Ni hifadhi ya taifa tangu 2013, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2 na kidogo, na boti inafika kabla hujamaliza kufunga jaketi la kuokolea. Watu wanaenda wakitafuta wanyama wakubwa wanarudi wakinung'unika. Mimi naenda kwa ajili ya mawe na wanaoishi juu yake: pimbi waliolala kwenye jua, kenge wanaoteleza majini, na yule mjusi dume wa miamba mwenye kichwa na mabega mekundu ya waridi na mwili wa buluu, anayepiga pushapu mbele ya jike bila aibu. Mawe yenyewe ni matale, yaani graniti, yaliyomeguka yakiwa bado chini ya udongo, maji yakipenya kwenye nyufa na kuyalainisha kona, kisha udongo ukasombwa yakabaki yamepandana. Ukikaa chini ya moja ukaangalia juu, unaanza kuwaheshimu watu wa Mabatini na Igogo wanaojenga nyumba katikati yake.

Bujora naipenda na bado siiweki kwenye siku mbili, ila kwa sharti moja: kama umekuja Juni wakati wa Bulabo, tamasha la ngoma la Wasukuma, futa mengine yote uende. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement yako karibu na Kisesa, daladala zinafika, na wiki hiyo Bagika na Bagalu, vyama viwili vya ngoma, wanashindana, wengine wakiwa na chatu mabegani. Hapo hata mimi nanyamaza na ratiba yangu.

Kuna swali ambalo halikosekani: tutaogelea wapi? Jibu langu ni kwenye bwawa la hoteli. Kichocho kipo ziwani, kinatokana na konokono wanaokaa kwenye maji tulivu yenye majani, yaani pale pale panapovutia watoto kuchezea. Aliyeshaingia asiogope, apime baada ya wiki kadhaa, dawa ipo. Na chandarua kikiwepo chumbani kishushe, hata kama feni inapuliza.

Kuhusu kula, sato wa kukaanga na ugali wa udaga, yaani wa muhogo, mchana, kwa mama ntilie aliye karibu na maji, siyo mgahawa wenye menyu ya kurasa nane. Sokoni tafuta michembe na matobolwa, viazi vitamu vilivyokaushwa, ni vitafunwa vizuri vya basi. Samaki wa kupeleka nyumbani nunua asubuhi ya kuondoka, siyo jana yake kama wengi wanavyofanya kisha wakahangaika kutafuta jokofu la watu. Wauzaji wanajua kufunga boksi kwa barafu na utepe wa gundi likafika Dar likiwa kavu. Sato kwa familia ndogo, sangara kama una friza na watu wa kula, na dagaa wafungwe mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, maana abiria wa kiti cha jirani hakuja Mwanza.