Rufaa ya Pande Mbili

Kuchezesha softboli, ndugu wa besiboli, hapa Goma kunataka mtu asiyejali jina lake. Kwenye mpira wa miguu kila mpita njia anajua sheria, kwa hiyo anakutukana kwa ujuzi. Kwenye softboli wanakutukana kwanza, kisha wanauliza: "Lakini nini imetokea?"

Ilikuwa mechi ya wasichana wa shule mbili, kwenye kiwanja cha changarawe nyeusi ya volkano. Besi zetu, vile vituo wanavyokimbilia wachezaji, ni mifuko ya saruji iliyojazwa mchanga. Yale mambo ya kujitupa chini na kuteleza hadi kwenye besi, wanayoyafanya Wamarekani na Wajapani kwenye Olimpiki, hapa hayapo. Changarawe ya Nyiragongo itakuvua suruali, kisha ikuvue na ngozi.

Mkimbiaji mmoja yuko besi ya kwanza, mwenzake ya pili, hakuna aliyetoka, yaani aliyeondolewa mchezoni. Mpigaji akapiga mpira ukapaa wima juu ya eneo la katikati ya besi, mpira mlegevu ambao mlinzi yeyote angeudaka. Nikanyoosha mkono nikapiga kelele: "Mpigaji inje!" Mpira ungali angani.

Ndivyo sheria inavyosema. Besi hizo mbili zikiwa na wakimbiaji, na waliotoka hawajafika wawili, mpigaji anahesabiwa ametoka kabla mpira haujashuka. Bila hivyo mlinzi mjanja angeudondosha makusudi, akawanasa wakimbiaji wawili waliobaki wameganda wakisubiri audake.

Mlinzi wetu hakuwa mjanja. Aliudondosha kwa moyo safi kabisa.

Basi wote wakatimua mbio: wakimbiaji, mpigaji, hata mtoto wa muuza maji. Mpira ukaokotwa, ukatupwa besi ya tatu, mlinzi akakanyaga mfuko. Ukatupwa ya pili, mfuko ukakanyagwa tena. Upande mmoja ukashangilia kwamba watatu wametoka. Upande wa pili ukashangilia kwamba hakuna aliyetoka. Mimi nikatangaza: ametoka mmoja, mpigaji. Wakimbiaji wako salama, maana mpigaji akishatoka hakuna anayelazimika kukimbia. Ukitaka kumtoa mkimbiaji, umguse yeye mwenyewe, kukanyaga mfuko hakutoshi.

Shangwe zote mbili zikakatika kwa pamoja. Sijawahi kuona Goma ikikubaliana haraka namna ile.

Mama kocha wa wapigaji ndiye aliyenifikia kwanza, kitenge amekikaza kiunoni. "Papa arbitri, mpira imeanguka chini. Mutoto yangu anatoka namna gani?"

"Mama, sheria hii inawalinda watoto wako."

"Kumulinda ni kumutoa?" Akawageukia watazamaji. "Kumbe hii nayo ni ya kutulinda!"

Kiwanja kizima kikaangua kicheko. Watu wa Goma tumelindwa sana, na wengi.

Kocha wa walinzi, Prof, anafundisha hesabu. Yeye alikuja na vidole. "Moja hewani, moja besi ya tatu, moja ya pili. Papa, inafanya ngapi?"

Wote wawili wakatangaza rufaa. Nikawapa haki yao: jicho la mwamuzi halikatiwi rufaa, ila tafsiri ya sheria inakatiwa, mradi useme kabla mpira unaofuata haujarushwa. Waandike. Karatasi hakuna. Biki ni moja, ya Prof.

Mvulana anayetuandikia pointi, mtoto mwepesi wa kusaidia, akachomoa karatasi kwenye rundo lililokuwa limewekewa jiwe. Wakakaa juu ya mwamba mmoja wa lava, watu ambao hawajasalimiana tangu asubuhi, wakipokezana biki. Prof akamsahihishia mama herufi. Mama akamwambia Prof mwandiko wake haufai hata kwa daktari.

Wakati huo mtu wa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, mwenye magunia ya makala, yaani mkaa, alisimama pembeni, mguu ameukandamiza kwenye kipande cha tairi kinachomfanyia kazi ya breki, akiuliza kama anaweza kukatiza. Nikamruhusu. Ndio uamuzi wangu pekee ambao haukupingwa.

Mechi ilipoisha tukaenda kwa mwandalizi, ambaye pia ndiye mwenye mipira. Akasoma rufaa, akaniuliza sheria imeandikwa wapi. Nikafunua fotokopi zangu, za Kifaransa, zilizochapwa upande mmoja. Ukurasa wenyewe haupo.

"Unaona?" Prof akasema. "Hakuna sheria kama hiyo!"

Mwandalizi akaigeuza ile karatasi ya rufaa. Akasoma kimya, midomo ikicheza. Kisha akatutafsiria kwa sauti: besi ya kwanza na ya pili, mpigaji ametoka, yote.

Mama kocha akainama, akaichungulia.

"Ule upande," akasema, "haiko sisi tuliandika."