Haikuwa sabuni, na wale hawakuwa funza

Najua mmeshaisikia. Shoga yangu aliwahi kuitangaza kabla sijakausha hata machozi, na kwa maelezo yake mimi nimempikia mama mkwe funza kwa sabuni. Naomba kujitetea. Kwanza, haikuwa sabuni. Pili, hawakuwa funza. Tatu... tatu sina.

Ilikuwa kinoa. Mnaouliza ndiyo nini hiyo, kaeni mkao wa kula. Ni vipunje vidogo kama mtama uliodumaa, vina asidi amino (vijenzi vya protini) zote 9 ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Umoja wa Mataifa uliutangaza mwaka 2013 kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Kinoa. Mwaka wangu mimi umefika jana.

Mama alikuwa anakuja kula mchana, na mimi nina wiki mbili natangaza kwamba nyumba hii nyama basi, tunakula afya. (Picha zangu za maji yenye tango mliziona, msijifanye.) Nikamwaga vikombe vitatu vya kinoa sufuriani, maji vikombe sita, spinachi, brokoli, vyote kwa mkupuo, nikafunika. Kuosha? Kitu kimetoka kwenye pakiti safi, unaosha nini?

Haikuchukua muda, povu. Jeupe, limesimama, linasukuma kifuniko. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nikasema, protini hiyo! Kila likitaka kumwagika nalidaka kwa upawa, nalirudisha ndani lote, nisije nikapoteza virutubisho. Shoga kasimama pembeni anaangalia, kimya. Sasa ndiyo najua alikuwa anakusanya ushahidi.

Kufunua: vikombe vitatu vimekaribia tisa, spinachi imekuwa kitambaa cha kufutia meza, brokoli rangi imeikimbia. Na kila kipunje kimetoa kikia cheupe kilichojikunja. Kile ni kiini cha mbegu, jamani, ikiiva ndivyo inavyofanya! Lakini nendeni mkamweleze mtu anayekiona mara ya kwanza, tena kwenye kijiko chake.

Basi. Mama akachota. Akakisogeza kijiko karibu na miwani. Akakigeuza kwenye mwanga. Akanitazama mimi, akakitazama kijiko, akavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi. Akatia mdomoni. Akatafuna mara moja. Akatafuna mara ya pili. Taya likasimama. Mimi wala sina habari, niko katikati ya hotuba, nahesabu faida kwa vidole. Jicho lake la kushoto likafumba lenyewe. Hapo ndipo nikanyamaza. Friji likasikika linavyounguruma. Shoga kainamia sahani, mabega yanamcheza. Mama akameza. Wenzangu, ule mteremko wa koo sitausahau, niliufuata kwa macho mpaka ulipofika chini. Akanywa maji, glasi nzima, akaiweka mezani taratibu, akaniuliza kwa ule upole unaouma kuliko tusi:

"Mwanangu, hii sufuria uliisuuza?"

"Mama, nimeisuuza mara tatu!"

Na ni kweli kabisa! Sufuria niliisuuza mara tatu. Kinoa ndiyo sikuigusisha maji hata mara moja.

Nikaonja na mimi. Uchungu ule unaanzia ulimini, unakwenda kupiga hodi masikioni. Kumbe punje zina utando wa saponini, kitu kichungu kinachotoa povu kwenye maji, ndiyo maana huoshwa kwenye chujio la matundu madogo mpaka povu liishe. Usiku nikaingia mtandaoni kutafuta hoja ya kumnyamazisha shoga. Nimeshaandika ujumbe mrefu, "Kwa taarifa yako inaitwa SAPONINI", ndipo nikaona jina lenyewe limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya... sabuni. Nikaufuta ujumbe.

Yaliyofuata hayana maana: wakala mkate, mume wangu akasema hana neno, kisha akaenda bafuni kufungulia bomba ili nisisikie anavyocheka. Mama akaaga mapema. Mlangoni akanishika bega.

"Ile iliyobaki usiimwage, mwanangu. Kuna masufuria pale hayajaoshwa."