Mama Neema wa Herufi Ndogo

Kwenye kamati ya harusi ya mdogo wangu nilipewa uweka hazina bila kupigiwa kura, kisa nina laptopu. Kati ya wachangiaji wote, wawili waliitwa Mama Neema: shangazi yetu wa Kinondoni aliyetoa laki tano, na jirani wa Mbagala aliyetoa elfu hamsini. Kila mchangiaji nilimfungulia faili lake. Shangazi nikamwandika MAMA NEEMA, jirani nikamwandika mama neema. Pesa kubwa, herufi kubwa. Nilijiona nina akili!

Laptopu yangu inatumia Linux, mfumo wa kuendeshea kompyuta kama ilivyo Windows, na Linux haina utani na herufi: M ni M, m ni m, hata undugu hazina. Wale wawili wakakaa folda moja bila kugombana.

Siku ya kikao katibu akataka majina kwenye flashi, akachape. Nilishasikia Windows haitofautishi MAMA na mama, kwa hiyo nikaandika kiprogramu cha Python chenye tahadhari. Kabla ya kunakili kinauliza: hapa ni mfumo gani? Ikiwa Windows, kiongeze namba mbele ya jina. Ikiwa Linux, nakili tu, hakuna neno.

Kikajibiwa Linux. Na kweli ilikuwa Linux. Ila flashi ilikuwa ya FAT32, namna ya kupanga mafaili ambayo jina hulitunza vile ulivyoliandika, lakini ukiliita haijali kubwa wala ndogo. Yaani nilimuuliza mwenye nyumba, chumba chenyewe kina mpangaji wake.

Wala hakikulalamika. Akaingia kwanza MAMA NEEMA na laki tano zake. Akaja mama neema. Flashi ikaona si ndiye yule yule, ikafungua faili la shangazi, ikafuta laki tano, ikaandika hamsini.

Kikaoni katibu akasoma kwa sauti: "MAMA NEEMA, elfu hamsini."

Shangazi akavaa miwani. Akatoa simu kwenye pochi, akatafuta meseji ya muamala taratibu, huku ukumbi mzima ukimsubiri.

"Mwanangu, laki nne na nusu zangu ziko wapi?"

Kabla sijajibu, sauti ikatoka nyuma: "Na mimi je? Mbona sijasomwa kabisa?"

Nikaeleza. "Shangazi, hii flashi haijui tofauti ya herufi kubwa na ndogo."

"Mtoto wa darasa la kwanza anajua."

Hilo ningelimeza. Jirani ndiye aliyenimaliza: "Ngoja kwanza. Kwa nini mimi niandikwe kwa herufi ndogo?"

Jamani, swali hilo halina jibu kwenye Linux wala Windows.

Usiku nikarekebisha. Sasa kiprogramu hakiulizi mfumo. Kinatengeneza faili liitwalo jaribio pale pale kwenye flashi, kisha kinaita JARIBIO. Likiitika, basi herufi hazijaliwi hapo. Git, programu ya kutunza matoleo ya kazi za waandika programu, hufanya hivyo hivyo siku zote: unapoanzisha hazina mpya ya kazi, huandika faili la mipangilio liitwalo config halafu hulitafuta kwa jina CoNfIg. Nilikuwa nikidhani aliyeandika vile alisinzia kwenye kibodi.

Na wale kina mama nikawapa namba: Mama Neema 1, Mama Neema 2. Kikao kilichofuata sikwenda. Nasikia walichelewa kufunga, wanabishana nani kawekwa wa pili.