Bahari ya Magotini

Nenda ufuo wa Pirates Jumapili jioni utuone watu wa Mombasa tunavyooga baharini. Wengi tunaishia magotini. Viatu mkononi, nguo imepandishwa, mtoto kakodishiwa tyubu ya gari, na kila wimbi likipiga kuna dada anapiga ukelele. Kisha viazi karai na ukwaju, kisha matatu ya kurudi nyumbani. Raha ni raha, simcheki mtu. Ila dukuduku langu ni hili: huko chini ya maji tumewaachia wageni.

Hifadhi ya bahari ya Mombasa ipo tangu 1986. Nje ya mwamba, upande wa Bamburi, imelala MV Dania, meli iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 ili samaki wapate makao na wazamiaji wapate cha kutazama. Iko kina cha mita 30 hivi, ambako mwili hubanwa mara nne ya huku juu, ndiyo maana mzamiaji hapandi kwa pupa. Muulize kijana wa Kisauni kama ashaiona. Atakwambia mambo hayo ni ya Wazungu.

Kisingizio cha pesa nakikubali nusu. Kozi na mitungi ya hewa si bei ya mtu wa kibarua. Lakini miwani ya kuzamia na mrija? Ndani ya mwamba, maji yakiwa yamekupwa, huhitaji zaidi ya hivyo. Utamwona pono akiguguna mwamba, na kikande, yule samaki mkorofi anayewala wale wadudu wa miiba ambao wakizidi hutafuna matumbawe. Kikande akivuliwa kupita kiasi, mwamba ndio unaoumia.

Boti za vioo nazo zina raha yake, japo kioo chenyewe mara nyingi kimekwaruzika na nahodha anawatupia samaki mkate ili abiria wapige picha. Mkate! Samaki wa hifadhini ana chakula chake.

Kisingizio cha woga ndicho kinachoniudhi, maana dawa yake tunayo. Mtoto anasoma shule ya umma, kengele ikilia anasikia mawimbi, na anamaliza darasa la mwisho hajui kuelea. Wasichana nao wasiambiwe habari ya mavazi; nguo za stara za kuogelea zinauzwa hapa hapa mjini. Kipindi kimoja kwa wiki, mwalimu anayejua maji, na mzee mmoja mvuvi wa kuwafundisha bamvua, siku za maji makubwa, na maji mafu, siku maji yasipopanda wala kushuka sana. Bamvua si mchezo: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na penye mlango wa mwamba mkondo humvuta hata muogeleaji hodari.

Ukitaka kuanza mwenyewe, ngoja msimu wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, maji yakiwa meupe. Chagua siku za maji mafu, toka asubuhi upepo haujaamka, na nenda na mwenzio anayejua kuogelea. Na usikanyage matumbawe.