Kozi ya siku tano, kisima cha miaka thelathini

Tangu Serikali ihamie Dodoma, kumbi za mikutano hazijalala njaa. Miongoni mwa semina zinazozishibisha ni zile za upimaji na ufuatiliaji wa visima virefu: siku tano, kabrasha, chai ya saa nne, nusu siku ya kwenda kuona kisima, kisha cheti na picha ya pamoja. Wapo wanaosema fedha hizo zingechimba kisima kingine huko Bahi au Chamwino. Wapo wanaojibu kwamba kuchimba bila kupima ni kuchota kwenye mtungi usioujua kina.

Hawa wa pili wana ushahidi mzito, nao hauko mbali. Bonde la Makutupora, kaskazini mwa jiji, limeinywesha Dodoma kwa miongo mingi, na kina cha maji yake ya chini ya ardhi kimepimwa tangu miaka ya 1950. Watafiti walipochambua rekodi ya miaka 55 na kuchapisha matokeo mwaka 2013, lilijitokeza jambo ambalo hakuna msimu mmoja ungeweza kulionyesha: maji yale hayajazwi kila mwaka. Hushuka kidogo kidogo miaka kadhaa mfululizo, kisha huja mvua kubwa, kama ile ya El Niño ya 1997/98, ikayapandisha kwa mkupuo. Aliyepima miaka mitatu tu baada ya hapo angeweza kutangaza msiba, na aliyepima msimu ule peke yake angetangaza neema. Kwa jiji lililohesabiwa watu 765,179 katika sensa ya 2022, kukosea namna hiyo ni hatari.

Lakini hoja hiyo ina ncha mbili. Rekodi ya Makutupora ilitokana na watu kurudi kwenye visima vilevile, tena na tena, mvua ije isije, na kuandika namba. Hilo ni suala la ratiba, mafuta ya pikipiki na mtu wa kusoma daftari. Semina haina dawa ya hayo. Mshiriki anarudi wilayani akiwa na elimu mpya na hana hata ile futikamba inayolia inapogusa maji. Mwaka unaofuata anahamishwa, elimu inaondoka naye.

Kuna kichekesho pia. Nenda kwenye visima vyetu vingi uangalie mfuniko wa juu: umekazwa kwa bolti, bomba la pampu limepita katikati, na hakuna tundu la kupitishia kipimo. Hapo hata profesa hapimi kitu. Tundu dogo lenye kizibo, likiandikwa kwenye mkataba wa uchimbaji, lingefanya kazi kuliko semina kadhaa.

Hata hivyo siwezi kuzikataa kozi zote, na sababu yangu ni upimaji wa wingi wa maji, yaani kuendesha pampu ili kujua kisima kinaweza kutoa maji kiasi gani. Hapo ujinga una bei. Sehemu kubwa ya mkoa huu imekaa juu ya miamba ya graniti, na maji yamejificha kwenye nyufa na kwenye tabaka la mwamba uliooza. Mkandarasi anayebana dizeli anaendesha pampu saa chache, kina kinashuka taratibu, kila mtu anafurahi, namba inaandikwa. Angeendelea usiku kucha, huenda angeona kina kikipita ufa mkuu unaoingiza maji na kuporomoka ghafla. Kijiji kinafungiwa pampu kubwa kuliko uwezo wa kisima, na kufika Oktoba pampu inavuta hewa. Watu wanasema kisima kimekauka, kumbe kilipewa kazi kisichoiweza.

Aliyefundishwa vizuri anajua kuuliza. Maji yaliyotoka wakati wa majaribio yalimwagwa wapi? Yakimwagwa jirani na kisima, yanaweza kupenya na kurudi humohumo, na matokeo yakadanganya. Upimaji ulifanyika Aprili, mvua zikiisha, au kiangazi? Baada ya pampu kuzimwa, kuna aliyekaa na saa akipima maji yanavyopanda? Wengi wanafungasha vifaa wakati huo, ilhali ndiyo sehemu ya kuaminika zaidi, kwa kuwa hakuna tena pampu inayoyumbisha kasi ya uchotaji. Maarifa haya hayapatikani kwa kutazama slaidi. Yanahitaji kukesha kisimani na taa na daftari, jambo ambalo nusu siku ya ziara haitoshi hata kulianza.

Wengine wanaona jibu ni vifaa vya kielektroniki vinavyotumbukizwa kisimani vikajirekodia vyenyewe. Ni vizuri, ila betri huisha, na vingi hupima uzito wa maji pamoja na wa hewa iliyo juu yake, hivyo asiyejua kutoa hesabu ya hewa ataona maji yakipanda na kushuka bila sababu. Mtu bado anahitajika.

Mtu huyo, kwa maoni yangu, ni fundi wa chombo cha watumia maji kijijini, vile vilivyo chini ya RUWASA, wakala wa maji vijijini, tangu sheria ya 2019. Yeye haendi popote. Najua wataalamu wa bodi za maji za mabonde watasema takwimu zake haziaminiki, nao hawajakosea kabisa: akipima pampu ikiwa imetoka kuzimwa dakika kumi zilizopita, namba yake haifai kulinganishwa na ya mwezi jana. Lakini kosa hilo linazibika kwa safu moja zaidi kwenye daftari. Kozi yake iwe ya siku mbili, ifanyikie kisimani kwake, na asiondoke bila futikamba. Nadharia ya milinganyo ibaki kwa wanaosomea stashahada Chuo cha Maji, na fedha ya ukumbi inunue vipimo.

Daftari lenyewe lina safu tatu: tarehe, kina cha maji, na saa ambayo pampu ilizimwa. Ukurasa wa kwanza uanze Oktoba, kabla ya mvua.